Gari la kukodi lenye matairi ya mwaka 2013, mama yangu na watoto wanne ndani, halafu wananiambia "pancha ni juu ya mteja"

Wakuu, nina hasira na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza.

Mama yangu ana miaka 71. Njia ya Kampala hadi Arua anaijua kama kiganja chake, lakini magharibi ya nchi hii hajawahi kufika. Mwaka mzima mimi na dada zangu tumeweka hela kwenye chama ili likizo ya Agosti, watoto wakifunga shule, tumzungushe: Kabale akaone Ziwa Bunyonyi, Kasese, Fort Portal, tupandie Hoima na Masindi, tutokee Karuma, tufike nyumbani Arua, siku ya 10 turudi Kampala. Watu tisa, wanne kati yao watoto.

Tukakodi vani kwenye kampuni moja hapa mjini. Laki mbili na nusu kwa siku, mafuta yetu, malazi na chakula cha dereva juu yao. Walitaka hela yote mapema, tukalipa 2,500,000. Gari tulilooneshwa uani kwao lilikuwa safi, kila kiti na mkanda wake. Lililokuja saa kumi na moja alfajiri lilikuwa lingine kabisa. Eti lile liko gereji, na hili ni zuri vilevile. Watoto wameshavaa viatu, mama ameshakaa kiti cha mbele na kikapu chake mapajani. Tukapanda. Masaka tulikuwa bado hatujafika binti yangu akagundua kuwa mikanda ya viti vya nyuma imeshonewa chini ya makava.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri, sitaidhulumu. Ikweta tuliikata Kayabwe, tukaikata tena tukitoka Katunguru kwenda Kasese, watoto wakapiga kelele mara zote mbili. Mama alikaa kando ya Bunyonyi asubuhi nzima bila kusema neno.

Lakini ni Kabale hapohapo nilipoanza kuwajua hawa watu. Alfajiri nimetoka kuchota maji ya moto, namkuta dereva amejikunja kwenye siti ya nyuma, vioo vimejaa ukungu, amejifunika turubai la mizigo. Baridi ya Kabale mnaijua. Hakupewa hata shilingi ya kulala. Kijana wa watu aliyetuendesha kilomita kama 400 kwa siku moja analala hivyo, na asubuhi namkabidhi watoto wangu! Kuanzia siku hiyo chumba chake tulilipa sisi.

Siku ya nane tukatoka Masindi, tukavuka Nile pale Karuma, tukakata kushoto kushika barabara ya Pakwach. Anayeipita anajua: mkono wa kushoto ni mbuga ya Murchison Falls, nyani wamekaa kando ya lami, na ukikaribia Pakwach tembo wanavuka wanapotaka. Hapo ndipo tairi la nyuma likapasuka. Gari likavuta kushoto. Dereva hakukanyaga breki, aliushika usukani kwa mikono miwili mpaka likasimama lenyewe. Mungu ampe maisha marefu.

Spea imefungwa kwa waya chini ya gari, kuishusha nyuzi zimetokeza nje. Jeki inavuja mafuta. Tukakata matawi tukayatandaza barabarani nyuma yetu, maana hata pembetatu ya kuakisi haikuwemo. Mama tulimkalisha kwenye kivuli cha gari, watoto wamemzunguka hawataki asogelee majani. Saa tano hadi saa nane mchana. Ofisini nikapiga, wakaniambia, "Nyabo," yaani bibie kwa Kiganda, "tunashughulikia." Nikapiga tena. Mara ya nne hawakupokea.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori la mizigo la kwenda Arua. Alisimama, akatoa jeki yake, na akiwa amechuchumaa akaniita, "Dada, njoo usome hapa." Ubavuni mwa tairi kuna kialama cha mviringo chenye tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Lililopasuka: 2313. Wiki ya 23, mwaka 2013! La pili yake: 4012. Ya mbele yote mawili ni 2013. Nikapitisha kidole, kikatoka cheusi. Walikuwa wameyapaka rangi ya kung'arisha, na chini ya rangi mpira umepasukapasuka kama tope la kiangazi. Mtu alikaa chini akapaka rangi ile akijua anachokificha.

Dereva naomba msimguse. Aliniambia ameomba matairi mapya mara tatu, akajibiwa kuwa kama hataki kazi aseme.

Tulifika Pakwach kwa spea ile ile, polepole, tukanunua matairi mawili ya mtumba kwa 360,000 za mfukoni kwetu. Arua tuliingia usiku. Kurudi na gari lile nilikataa, tukapanda basi, nauli ya watu tisa tena.

Sasa nimedai siku mbili ambazo hatukulitumia gari pamoja na hela ya matairi, yaani 860,000. Jibu lao: mkataba unasema pancha ni juu ya mteja. Pancha? Pancha ni msumari. Tairi la 2013 lililopakwa rangi likapasuka kwenye lami nzuri, nyinyi mnaliita pancha?

Picha za namba zote ninazo, risiti ninayo, mkataba ninao. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela na watu wa namna hii, aniambie alianzia wapi: trafiki, au wakili moja kwa moja? Kesho asubuhi naenda ofisini kwao. Nilitaka kwenda peke yangu, mama amekataa. Ameshatoa gomesi yake ya sikukuu, lile gauni refu la heshima, anasema atakaa pale mlangoni mpaka mwenye kampuni atoke.