Pilipili kwenye vumbi la makumbi: majani yanapauka, matunda yanaoza kitako

BustaniNdogo:
Wadau, habari zenu. Nina miche 14 ya pilipili kwenye ndoo za lita 15. Udongo hakuna kabisa humo, ni vumbi la makumbi ya nazi sehemu tatu na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kupitisha hewa) sehemu moja. Udongo niliukimbia baada ya mnyauko kunimalizia miche msimu uliopita.

Mwezi wa kwanza ilipendeza mno. Sasa ina wiki ya tisa, na majani ya chini yanageuka njano katikati ya mishipa, ila mishipa yenyewe imebaki kijani. Matunda machache yaliyoshika yana doa jeusi lililobonyea kitakoni.

Vumbi nililiosha kwa maji matupu mara tatu kabla ya kupanda. Natia urea kijiko kidogo kila wiki mbili, na maji kikombe kimoja kila asubuhi. Nimekosea wapi? Inaniuma kuiona ikidhoofu hivi.

Mkwezi:
Pole mkuu. Ongeza samadi iliyooza vizuri, itachangamka.

ShinaMoja:
Mkwezi, kwenye udongo ningekuunga mkono. Humu samadi itaziba nafasi za hewa, na inaweza kurudisha vimelea vilevile alivyovikimbia.

BustaniNdogo, kuosha ulifanya vyema, lakini uliishia nusu ya njia. Maji matupu huondoa chumvi iliyo huru tu. Nyingine, yaani potasiamu na sodiamu, imeshikwa na vumbi lenyewe. Ukianza kulisha, vumbi linaiachia hiyo na kunyakua kalsiamu na magnesiamu badala yake, mmea unakosa. Na wewe hata hizo hujaweka, maana urea ni naitrojeni peke yake. Njano ya kati ya mishipa ikianzia majani ya zamani ni magnesiamu. Kitako kuoza ni kalsiamu kutofika kwenye tunda.

Acha urea. Tafuta mbolea ya kuyeyusha kwenye maji iliyo kamili, yenye NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) pamoja na madini madogo kama chuma, zinki na boroni. Pamoja nayo, gramu 10 za kalsiamu naitreti na gramu 5 za chumvi ya Epsom, yaani magnesiamu salfeti, kwa lita 10 za maji. Yeyusha moja kwanza kwenye maji yote ndipo uweke nyingine. Ukizikutanisha zikiwa nzito, kalsiamu na salfeti hushikana zikawa jasi na kutuama chini. Vumbi la msimu ujao lilowekwe usiku kucha kwenye maji ya kalsiamu naitreti, kisha lisuuzwe.

MamaMiche:
Mwanangu, mimi hicho kikombe ndicho kimenishtua. Ndoo ya lita 15 kikombe kitaifikia wapi? Juu panalowa, chini mizizi ina kiu, na kalsiamu husafiri na maji. Mwagilia taratibu mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kama sehemu moja ya tano ya uliyoyamwaga. Hayo yanayotoka ndiyo yanayobeba chumvi iliyorundikana. Usiyaache kwenye sahani. Ndoo zako zina matundu?

BustaniNdogo:
Yapo mama, manne kila ndoo. Nimemwagilia leo kama ulivyosema, na ndoo iliyokuwa nyepesi nikiinyanyua sasa ina uzito wa kweli. Maji yaliyotoka nimeyapima pH (kipimo cha uchachu), ni 7.1. Na matunda yenye doa yatapona?

ShinaMoja:
Hayaponi. Yachume yote, yasiendelee kunyonya mmea bure. Hiyo 7.1 iko juu, chuma kitaanza kukwama na utaona njano kwenye majani machanga pia. Shusha pH ya maji ya kulishia mpaka kati ya 5.5 na 6.5, na upime baada ya kuchanganya mbolea, si kabla. Majani ya zamani usiyahukumu. Tazama yanayochipua juu, baada ya wiki mbili tuletee picha.

BustaniNdogo:
Nimechuma 9. Kesho asubuhi naanza kulisha.