Simfonia ya 5 ya Sibelius: mbona inaisha hivyo?

fundi_rangi_umoja:
Wadau, mimi ni fundi wa rangi, masikio yangu yamezoea benga na rumba. Juzi nikipaka sebule ya mama mmoja huko Lavington, akaweka muziki wa mtu wa Finland, Jean Sibelius, simfonia namba 5. Nikamwomba aniandikie jina, nikaipakua, nikaisikiza tena ndani ya matatu, Jogoo Road.

Mwanzoni sikushika kitu. Baragumu zinaita polepole, filimbi zinajibu. Baadaye fidla zinanong'ona chini chini huku ala moja nene ya kupuliza ikilalamika peke yake. Nangoja mwimbaji, wapi! Lakini mwendo unapanda kidogo kidogo bila kukushtua, na mwisho wa sehemu ya kwanza wote wako mbio kama dereva aliyeona trafiki wameondoka barabarani. Sehemu ya pili, nyuzi zinadonolewa kwa vidole. Tamu, ila kwangu ilipita tu.

Ya tatu ndiyo imenileta hapa. Fidla zinahangaika, kisha baragumu zinaanza kupembea, noti chache zilezile, huku na huku. Pale Lavington brashi ilisimama ukutani. Halafu mwisho: pa! Kimya. Pa! Kimya. Mara sita! Kwenye matatu nikaanza kukagua simu kama imekwama. Nani humaliza muziki hivyo?

mama_shajara:
Karibu. Hapo panapopembea ni bata maji, wale wa shingo ndefu (swan). Tarehe 21 Aprili 1915 Sibelius aliandika kwenye shajara yake kwamba ameona bata maji 16, wakamzungukia juu kwa muda mrefu. Simfonia ilipigwa mara ya kwanza Helsinki tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, siku aliyotimiza miaka 50. Hakuridhika. Akaitengeneza upya 1916, kisha tena 1919, na hiyo ya mwisho ndiyo unayoisikia. Ule mwendo unaopanda ulikuwa sehemu mbili mbalimbali, akaziunga. Na swali lako hasa: mwaka 1915 fidla zilitetemeka katikati ya yale mapigo ya mwisho, kimya hakikuwepo. Alikuja kuziondoa mwenyewe.

baragumu_la_jumapili:
Napuliza kwenye bendi ya Jeshi la Wokovu. Hapo pa kimya ndipo jasho hutoka. Ukikosea katikati ya kelele, wenzako watakufunika. Ukiwahi nusu sekunde kwenye kimya, kanisa zima limekujua. Sasa fikiria okestra nzima, mara sita. Mimi husikiza pale nikiwa nimeshika pumzi.

mzee_wa_rumba:
Nusu saa bila mtu kuimba? Na sebene iko wapi?

fundi_rangi_umoja:
Mzee, sebene ndiyo hizo baragumu. Na hungoji maneno yaishe kwanza. @mama_shajara shukrani. Kumbe alitoa makusudi! Nisikize gani sasa?

mama_shajara:
Namba 7, ya 1924. Ni sehemu moja tu, dakika ishirini na kidogo. Kwa jam ya Jogoo Road utairudia kabla hujashuka.