Lava ya juzi kupimwa ikatoa miaka 350,000: hoja hii inafaa kwenye somo la uumbaji?

Mwalimu_Jumapili
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Ninaandaa somo la Mwanzo 1 kwa vijana wa sekondari. Kwenye historia wameshafundishwa kwamba fuvu la Zinjanthropus la Olduvai lina miaka milioni 1.75, kwa hiyo swali litakuja tu. Kuna video inazunguka WhatsApp inasema lava ya Mount St. Helens kule Marekani, iliyotoka mwaka 1986, ilipimwa ikaonekana ina miaka 350,000, na kwamba hapo ndipo "vipimo vya kaboni" vilipoumbuka. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, Olduvai tuiamini kwa lipi?

Nyundo_na_Dira
Kipimo kilifanyika kweli. Mwamba ulichukuliwa 1992, majibu yakachapishwa 1996. Ila kaboni haihusiki kabisa, si St. Helens wala kwenye hiyo milioni 1.75. Kaboni-14 hupima kilichowahi kuwa hai: mkaa, mfupa, ganda la konokono. Nusu yake huisha kila miaka 5,730, na ukivuka miaka kama 50,000 hakuna kilichobaki cha kupima. Hilo lisahihishe kwanza, maana kijana aliyesoma kemia atakukamata hapo hapo.

Kilichotumika ni potasiamu na agoni. Potasiamu-40 hugeuka taratibu mno, nusu yake huisha kwa miaka bilioni 1.25. Katika kila atomi 100 zinazogeuka, kama 11 huwa agoni-40, nyingine huwa kalisi. Agoni ni gesi. Lava ikiwa bado uji wa moto, gesi hutoroka. Ikishaganda, agoni inayozaliwa ndani ya fuwele hunaswa humo. Unapima potasiamu, unapima agoni, unapata muda tangu mwamba ugande. Sharti lake ni moja kubwa: agoni ya zamani iwe imetoka yote. Isipotoka, saa inaanza kuhesabu ikiwa imeshatangulia.

Ndicho kilichotokea St. Helens. Ile ni lava nzito inayoitwa dasaiti, na imejaa fuwele zilizoganda chini ya mlima kabla haijatoka, zikiwa na agoni tumboni. Majibu yenyewe yanajitolea ushahidi: mwamba mzima ulitoa miaka 350,000, lakini pairoksini, yaani fuwele za madini ya rangi nyeusi, zilizochambuliwa kutoka kwenye kipande hicho hicho zilifika hadi milioni 2.8. Madini ya jiwe moja yakitofautiana hivyo, mpimaji hasemi "nimepata umri". Anasema sampuli haifai.

Sasa piga hesabu. Agoni ya ziada iliyodanganya kwa miaka 350,000 huongeza hiyo 350,000 tu, basi. Kwenye mwamba wa miaka 6 ni kichekesho. Kwenye mwamba wa milioni 1.75 ni kosa la asilimia 20. Kwenye wa milioni 100 ni asilimia 0.35, hata hulioni. Ukipima punje ya mchele kwa mzani wa magunia ya mahindi, usiulaumu mzani.

Kokoto
Niongeze namna kosa hilo linavyokamatwa siku hizi, maana kipimo cha Olduvai cha 1961 kilikuwa cha mtindo wa zamani na kimerudiwa mara nyingi tangu hapo.

Unaponda majivu ya volkano yaliyoganda, unachekecha, unaosha udongo na vioo vya volkano kwa asidi, kisha unaokota fuwele safi za feldispa (madini yenye potasiamu) moja moja chini ya hadubini. Hatua hii ya kuokota ndiyo huharibu kazi nyingi: ikiingia fuwele iliyooza au iliyotoka mlima mwingine, umekwisha. Fuwele huingizwa kwenye kinu cha nyuklia pamoja na madini ya kulinganishia ambayo umri wake unajulikana. Nyutroni hugeuza sehemu ya potasiamu-39 kuwa agoni-39. Hapo huhitaji tena kupima potasiamu kwa kipande kingine; gesi moja inakupa vyote viwili. Kisha leza huyeyusha fuwele moja ndani ya ombwe, gesi inasafishwa, na mashine inahesabu agoni za aina zote, pamoja na agoni-36 inayoonyesha ni kiasi gani kimetoka hewani.

Ukipima fuwele 15 za tabaka moja na 2 zikatoka na umri mkubwa mno, umewaona wageni, unawaweka kando. Agoni iliyonaswa tangu mwanzo nayo huonekana ukichora vipimo vyote kwenye mstari mmoja. Mwaka 1997 fuwele za mlipuko wa Vesuvius wa mwaka 79 BK zilipimwa hivyo. Kulikuwa na agoni ya ziada kidogo, ikaonekana kwenye mchoro, ikatolewa. Jibu: miaka 1,925, kuzidi au kupungua 94. Umri halisi wakati huo ulikuwa 1,918. Mkionyesha video ya St. Helens, onyesheni na hili.

Mberoya_17
Naamini siku 6 za kawaida, kwa sababu ya Kutoka 20:11, ambapo wiki ya mwanadamu imefungwa kwenye wiki ya Mungu. Hata hivyo nakushauri usiitumie hiyo video. Ukiujenga msimamo wako juu ya sampuli moja mbovu, siku kijana akijua ni mbovu ataondoka na vyote.

Jambo jingine: wengi wetu hatusemi tena Olduvai ni matope ya Gharika. Tunaiweka baada ya Gharika.

Nyundo_na_Dira
@Mberoya_17 heshima kwa kusema hivyo. Ila kuiweka baada ya Gharika kunabana muda badala ya kuulegeza. Kwa hesabu ya askofu Ussher, Gharika ni 2348 KK. Katika miaka kama 4,300 unapaswa kupata lava ya chini, majivu ya milipuko mingi, tope la ziwa la magadi lililojaa na kukauka, udongo ulioota mimea ukaacha alama za mizizi, kisha mto uchimbe korongo la mita 90 kupita vyote hivyo. Na chini zaidi, kusini kidogo, iko Laetoli yenye nyayo zilizopatikana 1978. Tabaka lile la majivu, unene kama sentimita 15, lina alama za matone ya mvua. Tone haliachi alama chini ya maji. Majivu yalilala wazi, yakanyeshewa, yakakanyagwa, yakagandamana, ndipo mengine yakaanguka juu.

Mwalimu_Jumapili
Asanteni. Wakiniuliza kama aliyekubali umri huo bado ni Mkristo?

Kokoto
Waambie habari za Adam Sedgwick, padri wa Kianglikana aliyefundisha jiolojia Cambridge. Alikuwa akifundisha kwamba changarawe za Ulaya ni mabaki ya Gharika. Mwaka 1831, mbele ya chama cha wanajiolojia London, aliifuta kauli hiyo hadharani kwa sababu changarawe zile hazikuwa za wakati mmoja. Hiyo ni miaka 28 kabla ya kitabu cha Darwin cha 1859, na Sedgwick alimpinga Darwin hadi kufa. Kwa hiyo wanaosema umri mkubwa wa dunia ulibuniwa ili kumpa Darwin nafasi wameigeuza kalenda.

Mberoya_17
Na wasije wakakurahisishia kwa kusema vizazi vya Mwanzo 5 vina mapengo. Ni kweli Mathayo 1:8 inaruka wafalme watatu kati ya Yoramu na Uzia, na bado inasema "akamzaa". Lakini Mwanzo 5 inataja umri wa baba wakati wa kuzaa, kwa hiyo pengo la majina halibadilishi jumla ya miaka. Anayetaka miaka milioni aitafute kwenye maana ya "siku" katika Mwanzo 1, si kwenye orodha ya majina.