Msikiti Mkuu wa Kilwa: kuba zilizoanguka zijengwe upya au ziachwe?

Mleta mada: Wakuu, kila picha za Kilwa Kisiwani zikisambaa swali linarudi lile lile. Kwa asiyeujua msikiti: kaskazini kuna ukumbi mdogo wa karne ya 11 au 12, uliokuwa na paa bapa juu ya nguzo tisa. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwenye kasri la Husuni Kubwa, huyo huyo aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, akaongeza kusini ukumbi mpana wa matao na kuba, na pembeni chumba chenye kuba kubwa. Ukumbi ule ukaporomoka, ukasimamishwa tena karne ya 15. Leo kuba chache zipo, kwingine unaona mawingu. Naomba tuseme wazi: zirudishwe, watu waswali.

Mlinzi wa magofu: Zirudishwe zipi? Al-Hasan alisimamisha paa lake juu ya nguzo za tumbawe zilizochongwa jiwe moja zima. Waliojenga baada yake waliweka nguzo nene za pembe nane, za mawe na chokaa. Ukijenga leo unachagua msikiti mmoja na kuufuta mwingine. Hati ya Venice ya 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, inaruhusu kurudisha mahali pake vipande vya asili vilivyoanguka, basi. Na hapa vipande vingi ni kifusi tu.

Mleta mada: Lakini huoni kwamba hoja yako inanisaidia? Watu wa Kilwa wenyewe walijenga upya, tena kwa kubadilisha nguzo. Na Timbuktu, kule Mali, je? Makaburi yaliyobomolewa 2012 yalijengwa tena, na UNESCO ikashiriki.

Mlinzi wa magofu: Timbuktu kuna mafundi ambao kila mwaka wanapaka udongo upya msikiti wa Djingareyber. Mkono haujapoa. Kilwa kazi hiyo ilikatika zamani.

Fundi chokaa: Niingie kwenye kazi yenyewe, maana hapa tunabishana kama vile kuba ni kofia ya kuvalishwa tu.

Kuba haisukumi chini peke yake, inasukuma na pembeni. Katika safu ya kuba, kila moja inamkinga jirani yake. Zile za ukingoni zinaegemea ukuta. Ukijenga moja katikati ya mapengo, msukumo wake unaishia kwenye nguzo isiyo na wa kuikinga, na nguzo nyembamba ya jiwe moja haivumilii hilo. Kwa hiyo ama unajenga safu nzima mpaka ukutani, ama huanzi.

Halafu chokaa. Mawe ya matumbawe yanachomwa juu ya rundo la magogo, yanazimwa kwa maji, kisha chokaa inalowekwa wiki kadhaa, ikikaa zaidi ndiyo bora. Kipimo cha kawaida ni chokaa moja kwa mchanga tatu, na mchanga usiwe wa ufukweni kabla ya kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Chokaa hugandishwa na hewa, kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo kiini cha kuba nene huchukua miezi. Ukitoa mbao za kuishikilia mapema kwa sababu bajeti ya mwaka inafungwa, unakaribisha ufa kileleni.

Ndipo wakandarasi wanapokimbilia saruji, na hapo ndipo balaa. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu. Maji ya chumvi yanayopanda kutoka msingini yanakosa njia ya kutokea kwenye maungio, yanatokea kwenye jiwe lenyewe. Chumvi ikikauka ndani ya vitundu vya jiwe inavimba, jiwe linageuka unga, na maungio ya saruji yanabaki yametokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Lipu ya chokaa inaoza yenyewe badala ya jiwe. Ndiyo kazi yake, unaibandua na kuipaka tena.

Mleta mada: Kwa hiyo fundi uko upande gani?

Fundi chokaa: Wa kuzuia maji kwanza. Kabla ya kuba mpya, zilizosimama zipakwe chokaa juu, nyufa zizibwe, mimea ing'olewe ingali michanga. Mzizi wa mtini ukishaingia kwenye tao usiuvute, utatoka na jiwe. Kata shina, acha mzizi ufe, kisha jaza uji wa chokaa. Kilwa Kisiwani na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara ziliingizwa orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini 2004, zikatolewa 2014, na sehemu ya shida ilikuwa bahari kula ufukwe. Hiyo bahari bado ipo.

Mlinzi wa magofu: Hapo tumeelewana.

Mleta mada: Mimi bado. Ukumbi wa kaskazini haukuwa na kuba. Paa bapa halisukumi pembeni kama kuba ulizozieleza, fundi. Kwa nini tusianzie huko?

Fundi chokaa: Hilo linajengeka. Ila boriti za mikoko zinavuka kama mita mbili na nusu tu, na ukataji wake sasa una vibali. Niambie kwanza boriti utazitoa wapi.