Nyumba ya babu Tanga: tubomoe, tukarabati au tuvune vifaa? Naomba ulinganisho

MwanaMkonge (mleta mada)

Wadau, salaam. Familia yetu imerithi nyumba ya babu iliyoko Tanga mjini, si mbali na bahari. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyojengewa kwa chokaa, dari ya sebule imebebwa na vipande 14 vya reli chakavu vyenye urefu wa mita 4 kila kimoja, vyumba vya nyuma vina boriti za mikoko, na milango sita ni ya mvule. Paa ni la bati nene la zamani ambalo upande wa baharini limeliwa na kutu.

Tumegawanyika. Kaka yangu anataka tubomoe kwa katapila, kifusi kiondolewe, tujenge upya kwa matofali ya saruji. Shangazi hataki hata ukuta mmoja uguswe. Mimi nimependekeza tubomoe kwa mkono na kuvuna kila kinachofaa ili kitumike katika nyumba mpya, kwa kuwa nimesoma kwamba uzalishaji wa saruji peke yake hutoa takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Je, kwa vifaa nilivyovitaja, ni kipi kinapunguza hewa ukaa kweli na kipi kinatupotezea muda?

Fundi_Ngamiani

Ndugu mleta mada, nimebomoa nyumba nyingi za aina hiyo, kwa hiyo naanza na yale yanayowashinda watu.

Mawe yaliyojengewa kwa chokaa yanatoka mazima, kwa sababu chokaa ni laini kuliko jiwe. Ukigonga kwa patasi, jiwe linaachia na unalisafisha kwa mapigo mawili matatu. Lakini chunguza kama kuna sehemu zilizozibwa kwa saruji miaka ya karibuni. Hapo saruji ni ngumu kuliko jiwe, na utakachopata ni vipande.

Boriti za mikoko zinadanganya. Katikati utaikuta imara kama chuma, ila ncha zilizoingia ukutani ndizo zilizokunywa unyevu na kuliwa na mchwa. Chomeka bisibisi kwenye ncha, ikizama, kata. Mara nyingi unakata sentimita 30 kila upande, na boriti iliyokuwa ya mita 2.7 inabaki mita 2.1, ambayo haivuki tena chumba kilekile. Itumie kwenye ushoroba, stoo au baraza.

Usikubali kusaga kifusi hicho kiwe kokoto ya zege lenye nondo. Matumbawe ya pwani yana chumvi, na chumvi hula nondo zikiwa ndani ya zege bila wewe kuona, mpaka siku zege litakapopasuka. Kifusi hicho kijazie chini ya sakafu tu. Na kama nyumba ina nyongeza ya zege, nondo zake usizinyooshe kwa nyundo ukazirudisha kwenye nguzo au lenta, kwa maana nondo iliyokunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja hupata nyufa ambazo jicho halizioni.

Mkadiriaji

Naongezea hesabu, nikitumia viwango vya kawaida vya kitaalamu ambavyo hutofautiana kiasi kutoka kiwanda hadi kiwanda.

Tani moja ya saruji ya kawaida hutoa karibu kilo 800 hadi 900 za hewa ukaa, maana yake mfuko wa kilo 50 unabeba kilo 40 hadi 45. Sehemu kubwa haitokani na moto wa tanuri, bali na jiwe la chokaa lenyewe linalochomwa kutengeneza saruji: katika kila gramu 100 za kalsiamu kabonati, ambayo ndiyo sehemu kuu ya jiwe hilo, gramu 44 huondoka kama hewa ukaa linapochomwa. Kwa hiyo hata tanuri likiwashwa kwa jua, sehemu hiyo ingebaki. Chuma kipya kinachotokana na mawe ya madini hutoa takribani tani 2 kwa tani.

Kokoto ni kisa kingine. Kuivunja na kuichekecha hutoa kama kilo 5 tu kwa tani, na lori huongeza karibu gramu 100 kwa kila tani kwa kila kilomita. Ukisafirisha kifusi kilomita 50 ili kuokoa kokoto, umeshamaliza faida yote barabarani. Watu hufurahia kifusi kwa kuwa ni kizito na kinaonekana kingi, ilhali swali la kuuliza ni kitu gani kipya ambacho hutakinunua kwa sababu ya hicho cha zamani.

Tukichukulia reli zako ni nyepesi, za kilo 25 kwa mita, vipande 14 vina uzito wa tani 1.4. Vikichukua nafasi ya chuma kipya cha uzito huohuo, vinaokoa hadi tani 2.8 za hewa ukaa, sawa na mifuko 60 ya saruji na kitu.

Skrepa_Tu

Mkadiriaji, nakuheshimu lakini hapo umempa mleta mada faida isiyo yake. Reli hizo asipozitumia hazitaenda jalalani. Zitauzwa kwetu kwa kilo na kuyeyushwa, na viwanda vingi vya nondo hapa nchini hulisha tanuri zao kwa vyuma chakavu. Kinachookolewa ni umeme na joto la kuyeyusha, si tani 2 kamili.

Mkadiriaji

Nakubali. Akilinganisha na nondo za chuma kilichoyeyushwa upya, faida inashuka, pengine hata chini ya nusu ya niliyoitaja. Bado reli iliyobaki reli inashinda reli iliyoyeyushwa, lakini takwimu ya tani 2.8 ichukuliwe kuwa ukomo wa juu.

Fundi_Ngamiani

Na asije mtu akazichomelea reli hizo. Chuma cha reli kina kaboni nyingi. Ukichomelea bila kukipasha moto kwanza, kiungo kinapasuka kama kioo. Kata, laza juu ya ukuta, funga kwa bolti.

Bint_Vuga

Naona mnavuna nyumba ambayo bado imesimama. Mimi nimekulia Mji Mkongwe, na ninavyofahamu, jiwe lenye gharama ndogo kuliko yote ni lile lisiloshushwa ukutani. Shangazi yako ana hoja, ingawa labda anaitoa kwa mapenzi tu.

Sharti ni kutopiga lipu ya saruji. Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya ardhini na kuyapumua kupitia chokaa. Ukiuvika saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inasukuma lipu, na baada ya miaka michache inaanguka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Chokaa nayo huchomwa na kutoa hewa ukaa, lakini joto lake ni kama nyuzi 900 wakati saruji inahitaji takribani 1,450, na inapokauka ukutani hurudisha ndani yake sehemu kubwa ya ile hewa iliyotoka kwenye jiwe. Boriti nazo, zile zinazofaa ziacheni zilipo, maana mbadala wake ni kwenda kukata mikoko, na matope ya mikoko ndiyo ghala la kaboni lenyewe.

Msomi_Kaskazini

Niko Copenhagen, Denmark, kwa masomo. Katika mtaa wa Ørestad kuna nyumba zinazoitwa Ressourcerækkerne, zilizokamilika mwaka 2019, ambazo kuta zake zina matofali kutoka majengo ya kale ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Matofali hayo yalikuwa yameshikwa kwa saruji na hayakutenganika, basi wasanifu wa Lendager wakayakata kwa msumeno yakiwa mapande ya karibu mita moja kwa mita moja, wakayapanga kama viraka. Kazi hiyo inahitaji mashine na kreni. Ninyi mna chokaa, kwa hiyo mnapata kwa patasi kile ambacho huku kinahitaji msumeno wa almasi.

MwanaMkonge

Nawashukuru nyote. Jana nilikwenda na bisibisi kama Fundi alivyoelekeza. Kati ya boriti 22 za vyumba vya nyuma, 9 zilizama kwenye ncha, zote za upande wa bafu ambako bomba limekuwa likivuja kwa miaka. Ukuta wa sebule hauna ufa, na reli zimepata kutu ya juujuu tu.

Tumekubaliana, kaka akiwa ameshindwa kwa kura, kwamba sebule na ukuta wa mbele vibaki na kukarabatiwa kwa chokaa, vyumba vya nyuma vibomolewe kwa mkono, mawe yake yajenge ukuta wa uwani, na boriti 9 zilizokatwa ziezeke baraza. Bati la upande wa baharini linakwenda kwa Skrepa_Tu.

Limebaki swali moja kwa Bint Vuga: milango ya mvule imepakwa rangi ya mafuta tabaka kwa tabaka, na nahofia rangi za chini kabisa zina madini ya risasi. Mnaitoaje bila kuipiga msasa mkavu?

Bint_Vuga

Hakika msasa mkavu usiuguse, vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha, paka dawa ya kutoa rangi, kwangua ikiwa bado mbichi, na makombo uyakusanye kwenye ndoo yenye mfuniko. Nitumie picha ya fremu kabla hujaanza. Baadhi ya milango ya aina hiyo ina nakshi chini ya rangi.