Eti umeme unaochomwa ndio unaipa bitcoin thamani?

Mchimbaji wa Goba
Wakuu, nimenunua S9, mashine ya kuchimba bitcoin, ya mtumba kwa jamaa, inanguruma kama mashine ya kusaga na chumba kina joto mpaka paka kahama. Inakula wati 1300 hivi, kwa siku yuniti 31, Luku ya elfu 11 imeenda hiyo, na kinachoingia hata elfu 2 hakifiki. Aliyeniuzia anasema nivumilie, eti umeme wote ninaochoma unaingia kwenye koini ndo maana ina bei. Kweli?

fundi_redio
Pole mkuu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Bei ndo inavuta umeme, sio umeme unaleta bei. Bloku moja, yaani fungu la miamala ambalo mashine zote zinashindania kwa kubahatisha namba, inatoka kila kama dakika 10, mashine ziwe mia ziwe milioni zawadi ya mshindi ni ileile, tangu Aprili 2024 ni koini 3.125. Bei ikipanda watu wanawasha mashine, mtandao nao unapandisha ugumu wa kuipata hiyo namba kila bloku 2016, wiki mbili hivi, mwisho anabaki mwenye umeme wa bei chee. China walipofukuza wachimbaji 2021 mashine kibao zilizimwa, Julai ugumu ukashuka karibu asilimia 28, umeme umepungua lakini zawadi ikabaki 6.25 zilezile. Ingekuwa umeme ndo thamani, koini ya Luku yako ingeuzwa ghali kuliko ya umeme chee wa bwawani.

mama_vifaranga
Kwa hiyo umeme wote huo unapotea bure??

fundi_redio
Bure sio dada, ni ulinzi, anayetaka kuchezea miamala iliyopita inabidi achome umeme kuliko wenzake wote kwa pamoja. Ila Ethereum, sarafu nyingine ya mtandaoni, waliacha kuchimba Septemba 2022, umeme ukashuka zaidi ya asilimia 99 na bado inanunuliwa.

Wa Kivu
Huku kwetu Kongo hifadhi ya Virunga walianza kuchimba bitcoin 2020 pale Luviro, umeme wa maji. Watalii walikatika, mtambo wa umeme upo na wateja wake walikuwa bado hawatoshi, sasa ule umeme ungefanya nini? Hapo hesabu inakubali.

Mchimbaji wa Goba
Mimi sina mto jamani. Naiuza.

mama_vifaranga
Subiri kwanza, hilo joto vifaranga 200 wanatosha?

fundi_redio
Dada kwa elfu 11 kwa siku si ununue mkaa tu 😂