Tapeti za oili za Range Rover V8: nati ya kurekebishia iko wapi?

Kijana_wa_Pasua (Moshi)

Wakuu habari zenu, na shikamoo kwa wakubwa.

Nafunga upya injini ya Range Rover ya marehemu baba, ya mwaka 1983, V8 ya lita 3.5, kabureta mbili. Imekaa juu ya mawe hapa Pasua miaka kumi na moja. Baba alikuwa anatupandisha nayo Marangu kila mwisho wa mwaka, na nimemwahidi mama kwamba Desemba hii atapanda nayo tena. Ndiyo maana sitaki kubahatisha.

Nilipofika: ringi mpya, beringi mpya, kamshafti mpya na tapeti zake 16 (vile vipande vinavyokanyaga kamshafti na kufungua valvu). Hedi zilikwenda kupigwa fesi na kusagwa valvu. Ya kushoto imeliwa 0.25 mm, ya kulia ilikuwa imepinda, ikaliwa 0.5. Gasketi nimepata za bati, kama zilizotoka.

Sasa shida. Fundi anayenisaidia amezoea Land Rover za silinda nne. Jana kashika filageji (vibati vya kupimia gepu), kasema tuweke 0.25 kila valvu kama kawaida. Kutafuta skrubu na nati kwenye roka (mikono inayobonyeza valvu), hamna. Roka ni tupu, zote 16. Akasema huenda kuna mtu alishabadilisha roka, tukachomelee skrubu. Nikamwomba tusimame kwanza. Wenye uzoefu, hizi tapeti zinarekebishwaje?

Sakina_4x4

Mkuu, hizo ni tapeti za oili, zinajirekebisha zenyewe. Loweka kwenye oili usiku kucha, funga, washa. Usijisumbue.

Babu_Spana (Unga Limited, Arusha)

Kijana, marahaba, na pole kwa mzee. Umefanya vizuri kumzuia fundi. Asichomelee kitu chochote, roka zako ziko sawa kama zilivyotoka kiwandani. Na ile 0.25 ni ya Land Rover ya petroli ya silinda nne. Kwenye V8 hakuna gepu la kuweka.

Sakina, hapo umesema nusu ya kweli, na ile nusu nyingine ndiyo inayounguza valvu. Nimefungua V8 hizi tangu magari ya watalii yalipokuwa yanazitumia, na nyingi nilizoletewa zikiwa zimeshafungwa na mtu mwingine, kosa lilikuwa hapo hapo: "zinajirekebisha zenyewe".

Chukua tapeti moja uitazame kwa juu. Utaona kikombe ambapo pushi rodi (fimbo inayosukuma roka) inakaa, na juu yake klipu ya waya. Chini ya kikombe kuna pistoni ndogo, springi na kigololi. Oili ikiingia, kigololi kinafunga njia, pistoni inasimama juu ya oili. Kujirekebisha kwake ni ile pistoni kupanda na kushuka, na nafasi yake ni ndogo. Valvu ikiwa imefunga, kikombe kinatakiwa kiwe kimeshuka chini ya klipu kati ya 0.5 na 1.5 mm. Kikiwa kinagusa klipu, itagonga tki tki tki hata uweke oili gani. Kikishuka sana, pistoni inafika mwisho na valvu haifungi vizuri. Compresheni inapotea, halafu valvu ya ekzosti inaungua.

Wewe hedi imekatwa, kwa hiyo roka zimesogea chini na zinasukuma pushi rodi chini zaidi. Valvu zimesagwa, mikia yake imepanda, nayo inasukuma vilevile. Ungeweka gasketi nene za kisasa zingerudisha hedi juu, lakini wewe una za bati. Lazima upime.

Manifoldi ya juu isifungwe bado, tapeti uzione kwa macho. Tapeti ziwe kavu, bila oili ndani. Hapa ndipo kuloweka kunadanganya: ikijaa oili pistoni inagoma kushuka na kipimo kinakuwa cha uongo. Paka tu grisi ya kamshafti chini inapokanyaga. Funga shafti ya roka kidogo kidogo, boliti zote nne kwa zamu. Weka pistoni ya silinda namba 1 juu, valvu zake zote mbili zimefunga, kisha pima nafasi kati ya kikombe na klipu kwa shina la drili: la 1 mm, la 1.5, na kadhalika. Ukimaliza zungusha krenki robo mzunguko uende silinda inayofuata: 1, 8, 4, 3, 6, 5, 7, 2.

Andika namba zote 16 uniletee hapa. Usinunue kitu kabla.

Kijana_wa_Pasua

Babu, asante sana. Nimeazima seti ya drili ndogo kwa fundi redio wa stendi. Leo tumepima na fundi wangu, ametulia na anajifunza pamoja na mimi.

Upande wa kushoto (1, 3, 5, 7): zote kati ya 1.2 na 1.3.
Upande wa kulia (2, 4, 6, 8): nyingi 1.5 mpaka 1.7. Ekzosti ya namba 6 ni 1.9.

Babu_Spana

Kushoto usiguse. Kulia weka shimu (vibati vya kuinulia) chini ya miguu yote minne ya shafti ya roka, za 0.5. Wengi wanadhani shimu ya 0.5 itapunguza 0.5. Hapana. Mkia wa valvu haujasogea, roka inaegemea pale, na roka hizi zina uwiano wa 1.6 kwa 1 (mkono wa valvu ni mrefu kuliko wa pushi rodi), kwa hiyo upande wa pushi rodi unainuka karibu 0.8. Ile 1.9 itakuja kama 1.1 na nyingine zitakaa 0.7 mpaka 0.9. Zote salama.

Angalia tundu la oili kwenye mguu, shimu isilizibe. Na shafti ina mkato kwenye ncha moja: irudi ulivyoikuta, la sivyo roka zitakauka.

Hiyo ekzosti ya 6, kabla hujafunga, mimina petroli kwenye tundu la ekzosti uone kama inavujia ndani. Nina wasiwasi kiti chake kimesagwa sana.

Sakina_4x4

Nimekubali babu, nimejifunza. Kijana, mimi niongeze moja niliyoumia nayo: fungua pampu ya oili, jaza vaselini kwenye gia zake, ile ya kawaida ya kujipaka. Usiweke grisi. Pampu ya V8 hii ikiwa kavu haivuti, na mimi niliua beringi mpya siku ya kwanza.

Babu_Spana

Hilo ni kweli tupu. Na kwa sababu kamshafti ni mpya, ikiwaka tu ipeleke mizunguko 2,000 mpaka 2,500 kwa dakika, uishikilie hapo dakika ishirini, usiiache sailensa (kunguruma polepole bila mafuta). Kwa hiyo maji, taimingi na petroli viwe tayari kabla hujagusa ufunguo. Tapeti zitapiga kelele mwanzoni mpaka zijae oili, usiogope. Ila taa ya oili isipozima, zima injini hapo hapo.

Kijana_wa_Pasua

Shimu zimeingia. Kulia sasa 0.7 mpaka 0.9, namba 6 ni 1.1 kama ulivyosema. Petroli kwenye 6 imekaa dakika kumi, ndani pakavu. Vaselini imenunuliwa, kopo kubwa. Kesho asubuhi tunafunga manifoldi.